Kanda la Usufi

Ijumaa moja ya mwezi wa Januari, baada ya magharibi, tulikutana watu sita sebuleni kwa mwenzetu mmoja, mtaa wa Mirdif hapa Dubai, kupanga safari ya Kilimanjaro. Mwenyeji wetu ni daktari, mzaliwa wa Unguja mwenye pasipoti ya Oman. Walikuwapo dada wawili wahandisi waliokulia London na wenye pasipoti ya Uingereza, mhasibu ambaye ni raia wa Kanada, msimamizi wa walinzi aliyetoka Mombasa, na mimi, mwalimu wa chuo kikuu, mwenyeji wa Tanga. Kinachotuunganisha ni Kiswahili na mazoezi ya Jumamosi. Majira ya baridi tunapanda vilima vya Hatta, na mara mojamoja tunakwenda Ras Al Khaimah kuupanda Jebel Jais, ambao hata mita 2,000 haufiki. Kilimanjaro una mita 5,895. Tulikuwa tumekubaliana kuupanda mwezi wa Septemba, kwa njia ya Machame, siku saba.

Mezani palikuwa na birika la chai, sahani ya kaimati, na kompyuta ya mhasibu. Alikuwa ametuandalia jedwali la gharama, na ndani yake makadirio ya bei ya mawakala wawili wa safari. Njia ni ile ile, siku ni zile zile, makambi ni yale yale. Tofauti ilikuwa dola 450 kwa kila mtu. Mhasibu alishauri tuchukue bei ya chini, nasi tukaitikia kwa vichwa. Dada mmoja akauliza, "Hizo mia nne na hamsini zinatoka wapi?" Mwenyeji wetu alidhani labda yule wakala ghali ana matangazo mengi, na mazungumzo yakahamia kwenye viatu.

Mimi jibu nilikuwa nalo, nikanyamaza. Makala hii inahusu kunyamaza huko, na kunyamaza kwingine kulikotangulia. Swali ninalotaka kuliuliza ni hili: anayebebewa mzigo anadaiwa nini zaidi ya ujira? Na je, anayeilewa lugha ya mbebaji anadaiwa sawasawa na asiyeielewa?

Nianze na hesabu, kwa kuwa haina siri. Kilimanjaro ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1973, na haruhusiwi mtu kuupanda bila mwongozaji mwenye leseni. Kila wakala hulipa hifadhini ada zile zile. Tulipokuwa tukipanga, mgeni wa kutoka nje alitozwa dola 70 za uhifadhi kwa siku, dola 50 kwa kila usiku wa kambi, na dola 20 za uokoaji, kisha kodi ya ongezeko la thamani juu yake. Kwa siku saba ada hizo pekee hukaribia dola 950. Wakala hawezi kuzipunguza hata senti moja. Gesi na mchele anavinunua katika masoko yale yale ya Moshi wanakonunua wenzake. Basi anayeuza kwa bei ya chini mno hana pa kupunguza ila mahali patatu: faida yake, chakula, na ujira wa watu. Faida yake ataigusa mwisho. Na watu ni wengi, kwani msafara wa wapandaji sita huhitaji watu ishirini au zaidi, waongozaji na wapishi, na waliobaki wote ni wapagazi. Ile bei nafuu ilikuwa mzigo ambao watu hawa walikwisha kutwikwa kabla sisi hatujanunua hata soksi.

Hayo niliyajua kwa masikio yangu. Mlima huu nilikwisha kuupanda mara moja, miaka kumi na saba iliyopita, nilipokuwa mwanafunzi wa uzamivu Ujerumani. Tulikuwa wanafunzi watano wa chuo kimoja, na mimi pekee ndiye niliyejua Kiswahili. Usiku wa tatu tulilala kambi ya Barranco. Tulikuwa tumekula supu, kuku na viazi katika hema la chakula, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa, tukaingia kulala. Nje ya hema letu, vijana wawili walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini. Mmoja alimwambia mwenzake kwamba tangu asubuhi amekula mara moja tu, na kwamba nusu ya ujira wa safari ile amekwisha kuiacha kwa mtu aliyempatia nafasi ya kuja. Mwenzake akamwambia, "Vumilia, bakshishi ipo." Wakacheka kicheko kifupi. Mwenzangu wa hemani alikuwa bado macho, akaniuliza wanasema nini. Nikamwambia, "Wanataniana."

Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi kichwani, na kila nikiirudia naiona ina vyumba vingi. Ndani yake kulikuwa na uchovu, maana nilitaka kulala. Kulikuwa na aibu ya nyumbani, maana sikutaka wageni waione nchi yangu katika hali ile. Kulikuwa na hesabu ya mlafi pia, maana niliogopa kwamba ukweli ungeleta mjadala, na mjadala ungeiharibu safari niliyoilipia kwa akiba ya mwaka mzima. Siku ya mwisho, langoni Mweka, nilitoa bakshishi kuliko wenzangu wote. Nikaona nimelipa. Sikujua hata ni yupi kati ya wale vijana aliyekuwa akizungumza usiku ule.

Wahenga wetu wana neno kwa hali hii. Mzigo wa mwenzio, walisema, ni kanda la usufi. Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Pangani, alikuwa na msufi nyuma ya nyumba, na watoto tulikuwa tukikusanya matunda yake yalipopasuka ili ajaze mito. Anayeujua usufi anajua kwamba kanda lililojaa hadi mdomoni mtoto hulibeba kwa mkono mmoja huku akikimbia. Kwa macho ni mzigo mkubwa, kwa mkono si kitu. Hapo ndipo penye ukali wa methali hii. Wahenga hawasemi kwamba tunawachukia wanaobeba, wala kwamba hatuwaoni. Wanasema tunawaona vizuri sana, tunaona ukubwa wa furushi na kamba zilizolibana, lakini uzito wake haufiki kwenye mishipa yetu. Jicho halina mabega. Kwa hiyo kosa la anayebebewa huanza kabla ya ukatili. Huanza katika umbile la kawaida la binadamu, kwamba maumivu ya shingo yangu nayajua na ya shingo yako nayakisia.

Ikiwa ndivyo, hatuwezi kuyategemea macho wala huruma, maana huruma nayo huona kanda tu. Tunahitaji kitu kingine cha kutuambia uzito. Kitu cha kwanza ni mizani. Katika lango la Machame, kabla ya msafara kuanza, mizigo hupimwa. Kanuni ya hifadhi inamwekea mpagazi mzigo wa kilo 20, mbali na vitu vyake mwenyewe. Mizani hiyo ni chombo cha maadili kuliko hotuba nyingi nilizozisikia, kwa kuwa haimwamini aliyebeba anaposema "naweza", wala haimwamini anayebebewa anaposema "si mzito".

Lakini mizani hupima kilo, na si kila mzigo una kilo. Haipimi kama mbebaji amekula. Haipimi kama ujira aliotajiwa utamfikia mzima, wala hema atakalolala kama linazuia upepo. Kwa mizigo hiyo hapana budi tutafute mizani nyingine, na kabla ya kuitafuta ni haki kuuliza ni kwa nini sisi watu wa pwani tumechelewa kuitafuta.

Lugha yetu yenyewe inatoa ushahidi. Mpagazi ni neno la misafara. Katika karne ya kumi na tisa, njia iliyotoka Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji ilipitika kwa miguu ya watu, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo uliokaribia frasila mbili, yaani kilo thelathini na zaidi. Posho, ambayo leo mbunge hulipwa kwa kukaa kikaoni, ilikuwa riziki ya njiani ya mpagazi. Hamali tulimpata kutoka Kiarabu, naye alibeba magunia katika bandari za Unguja na Mombasa. Wenye misafara hiyo wengi walikuwa watu wa lugha hii. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alituachia habari za maisha yake kwa Kiswahili, na wapagazi wamejaa katika habari hizo kama miti ilivyojaa msituni. Tunapolaani, kwa haki kabisa, Wazungu waliobebwa kwenye machela, tukumbuke kwamba Kiswahili kilifika bara juu ya vichwa vya watu.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na Waingereza wakawakusanya wabebaji kwa malaki katika kikosi walichokiita Carrier Corps. Wengi walikufa kwa njaa, kuhara na malaria kuliko kwa risasi. Jina la kikosi hicho wenyeji walilitamka walivyoweza, na leo ni Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Mjini Dar es Salaam askari alisimamishiwa sanamu ya shaba mwaka 1927. Mpagazi aliachiwa jina la soko, na katika umati unaopita humo kununua vitenge ni wachache wanaojua kwamba wanatamka jina la wafu.

Mlima wetu nao una mtu wake. Kila mtalii anaambiwa kwamba Hans Meyer wa Leipzig na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889. Nilipokuwa Ujerumani nilikisoma kitabu cha Meyer maktabani, na humo nikakutana na Mwini Amani. Alikuwa mtu wa Pangani. Wapagazi wengine walipobaki chini, yeye alikaa na wale wawili katika kambi ya juu, kwenye uwanda wa baridi kati ya Kibo na Mawenzi, akipika na kulinda hema walipokuwa wakiukabili mlima. Nilishtuka. Mtu wa mji wa bibi yangu, Mswahili asiyewahi kuona barafu, alikuwapo pale, amejikunyata kando ya moto, akisubiri watu wawili warudi na habari. Meyer alikipa kilele jina la mfalme wake. Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961 tukakiita Uhuru. Majina hayo mawili yanapingana kwa kila kitu, ila yote mawili yanamtaja anayefika juu na kumsahau anayelinda hema.

Sasa nijibu pingamizi mbili, kwa sababu wenzangu walizitoa nilipokuja kusema, na zote mbili zina nguvu.

Ya kwanza ni ya mwenye dhamiri nyepesi kuumia. Anasema, kama kubebewa kuna doa, basi tubebe wenyewe au tusiende. Binti mdogo wa mwenyeji wetu, aliyekuwa akitusikiliza kutoka ngazini, aliisema kwa ufupi: "Si mbebe wenyewe?" Hoja hii inavutia kwa usafi wake. Lakini kijana aliyesimama langoni alfajiri akingoja jina lake liitwe hatafaidika kitu kwa usafi wangu. Kazi hii inalipa karo na mbegu za mahindi katika nyumba nyingi za Moshi na Arusha. Nikimwambia, "Kwa kukuheshimu, sikuajiri," nitakuwa nimejitua mzigo wa dhamiri na kumtwika yeye mzigo wa njaa.

Ya pili ni ya mtu wa soko. Anasema, wamekubali wenyewe, hakuna aliyewalazimisha, na ridhaa ikiwapo hakuna mwenye haki ya kulalamika. Hapa Dubai tunajibiwa na sheria ya mji wenyewe. Kila mwaka, kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba, kazi za juani zimepigwa marufuku kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa alasiri. Sheria hiyo haimuulizi mjenzi kama yuko radhi. Huenda yuko radhi, kwa kuwa ana deni nyumbani. Inasema tu kwamba kuna jambo ambalo hata ukiliridhia, sisi hatuna haki ya kukutaka ulifanye. Ridhaa inajibu swali moja, kama amekubali. Haijibu swali la pili, ambalo ni langu: je, nilikuwa na haki ya kumtaka alikubali?

Mwaka 1785 Immanuel Kant alitofautisha vitu vyenye bei na viumbe wenye hadhi isiyo na bei. Wanafunzi wangu huipenda tofauti hiyo, nami huifundisha kwa furaha. Lakini ukimpelekea mpagazi aliyekula mara moja kwa siku, nadhani atacheka kile kicheko kifupi cha Barranco. Yeye anaitaka bei yake, aipate yote, kwa wakati, bila kumgawia mtu. Juu ya mlima hadhi haielei hewani peke yake, inapita jikoni na kwenye daftari la mishahara. Mafundisho ya dini tuliyokua nayo, kwamba mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, yaliliona hili mapema. Heshima yameifunga kwenye saa ya malipo.

Nirudi sasa kwenye lugha, maana hapo ndipo deni langu linapotofautiana na la wenzangu wa Ujerumani. Wao walilala vizuri usiku ule, na siwezi kuwalaumu sana. Walisikia sauti tu, mimi nilisikia maneno. Asiyeielewa lugha ya mbebaji anaweza kusema hakujua, na nusu ya utalii wa dunia umejengwa juu ya udhuru huo. Anajifunza "pole pole" na "jambo", basi. Msomi na mtu wa ughaibuni wa lugha hii hana udhuru. Tunasafiri kwa pasipoti za mbali na fedha za mbali, lakini masikio yetu ni ya nyumbani. Hapa Dubai jambo hili linatokea kila siku. Mlinzi wa jengo, mhudumu wa mkahawa, mfanya usafi wa uwanja wa ndege, anaposikia tukizungumza uso wake hubadilika. "Kumbe ni wa nyumbani!" Wengi wetu tunajua furaha ya salamu ile, na tunajua pia lile jambo dogo la aibu, la kushusha sauti au kuhamia Kiingereza siku tusiyotaka kuombwa kitu.

Kwetu pwani mgeni akifika mlangoni hupokewa mzigo kabla hajaulizwa habari. Ukimpita mtu njiani amejitwika utamwambia, "Pole na mzigo." Pole hiyo haipunguzi hata ratili moja, lakini inamwambia aliyebeba kwamba mzigo wake umeonekana kuwa mzigo, haukuonekana kuwa usufi. Mlimani sisi ndio wageni tunaopokewa. Ila desturi hii ina upande wa pili, kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Na jembe la mgeni aliyeilewa lugha, nadhani, ni kutafsiri kwa uaminifu. Akiulizwa wanasema nini, aseme walichosema.

Kutokana na hayo nimejitengenezea mizani yangu ndogo, ya kutumia wakati wa kupanga, maana safari ya mlima huamuliwa mezani. Kila kitu kilichomo katika orodha yetu kitalalia mgongo wa mtu. Basi kwa kila kitu najiuliza: je, naweza kumwambia mbebaji, uso kwa uso, kwa Kiswahili, kwa nini anakibeba? Naweza kumwambia, "Hili ni hema, bila hili nitakufa kwa baridi." Naweza kumwambia, "Hiki ni chakula chetu, na kile ni chenu." Siwezi kumwambia, "Umelipwa pungufu kwa sababu mhasibu wetu alipata bei nzuri." Lisilosemeka usoni kwa mbebaji lisiandikwe katika jedwali.

Tulipokutana mara ya pili, wiki mbili baadaye, niliwasimulia wenzangu habari ya Barranco. Nilieleza hesabu ya ada, nikapendekeza tuchukue wakala wa bei ya juu, ambaye alikuwa ametujibu kwa maandishi maswali yetu kuhusu ujira wa siku, idadi ya milo na mahema ya wapagazi. Moshi lipo shirika la Kilimanjaro Porters Assistance Project linalofuatilia mambo hayo, kwa hiyo majibu ya wakala yanaweza kuhakikishwa. Nilidhani nimemaliza.

Msimamizi wa walinzi alikuwa amekaa kimya. Alisema, "Mwalimu, maneno yako ni ya haki. Lakini mia nne na hamsini kwangu ni karo ya mwanangu. Unanitaka nimlipe mpagazi haki yake, na mimi pia ni mpagazi. Mkichukua bei hiyo, mimi sipandi." Dada mmoja akasema haraka kwamba tutamchangia. Akatikisa kichwa. "Sikuja hapa kubebwa."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejenga hoja yangu yote kana kwamba sebuleni mle kuna watu wa aina moja, wabebwao, na wabebaji wako mbali kule Machame. Haki ya kijana wa Barranco nilikuwa nimeiweka mabegani mwa mtu aliyekuwa ameketi hatua mbili kutoka kwangu, naye pia nilimwona kama kanda la usufi.

Ni mhasibu aliyeinamia jedwali lake, akakaa muda, kisha akasema, "Subirini." Alikuwa amejumlisha gharama za wote na kuzigawa kwa sita, kwa ajili ya umoja, kama alivyosema. Lakini ada za hifadhi hazifanani. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana kikilinganishwa na dola za wageni. Wanne kati yetu wana pasipoti za Oman, Uingereza na Kanada. Wawili tuna za Kenya na Tanzania. Kwa kugawa sawa, kila mmoja wetu sisi wawili alikuwa amebebeshwa zaidi ya dola mia tano za ada ya wenzake. Ilizidi ile tofauti tuliyokuwa tukibishania.

Sebule ilinyamaza. Msimamizi wa walinzi alikuwa ametubebea mzigo tangu Januari, na hakuna aliyehisi, hata yeye mwenyewe, kwa kuwa aliona ni adabu kulipa sawa na wenzake. Mimi nilikuwa nimebebeshwa kiasi kile kile, na sikuhisi kwa sababu nyingine, kwamba mshahara wangu haukuumwa. Mwenyeji wetu alisema, "Basi kila mtu alipe kwa pasipoti yake." Mhasibu hakufurahi, kwani bei ya juu ilimwongezea, na marekebisho yakamwongezea tena. Alisema hivyo waziwazi, nami nikamheshimu kwa kusema. Kisha akairekebisha fomula.

Orodha tuliipitia upya usiku ule. Viti vya kukunja vikaondolewa. Choo cha kubebeka tulikijadili kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Mmoja alisema hawezi kuvumilia wazo la mtu kumbebea uchafu wake. Wale dada walijibu kwamba vyoo vya kambini vina shida zake, na kwamba uchafu usipobebwa utabaki mlimani kwa watu wanaokunywa maji ya mlima huo. Kikabaki, kwa sharti kwamba atakayekibeba tumjue kwa jina, na alipwe zaidi. Sina hakika kama tuliamua vyema. Najua kwamba sentensi yake tunaweza kuisema usoni, ijapokuwa kwa haya.

Hatujapanda bado. Septemba iko mbele. Nimeazimia kwamba langoni, kabla mizigo haijapimwa, nitawasalimu wapagazi kwa Kiswahili changu cha Tanga, kwa sauti ya kusikika. Nia yangu si kujipendekeza. Nataka wajue kwamba maneno yao yatasikika hemani mwetu, wachague wenyewe watakachosema mbele yetu na watakachokihifadhi. Lugha ya mbebaji nayo ni sitara yake, na anayeingia humo abishe hodi.

Qur'ani inafundisha katika mahali kadhaa kwamba siku ya hesabu mbebaji hatabeba mzigo wa mwingine. Kila mzigo mwingine wa safari hii unaweza kupokelewa na mtu kwa ujira, hata ule wa choo. Ule wa "wanataniana" haukupata wa kupokelewa naye. Kwa hiyo wiki iliyopita nilimwandikia mwenzangu yule wa hemani, ambaye sasa ni profesa katika mji mwingine wa Ujerumani. Nilimweleza kwamba usiku ule Barranco nilimtafsiria vibaya kwa makusudi, na nikamwandikia maneno ya vijana wale kama yalivyokuwa.

Alijibu baada ya siku mbili. Hakunilaumu. Aliuliza jina la yule kijana. Sikulijua.